Ziara ya Nyumbani: Imefanyika

Kolwezi, Jumapili mchana

Kwa Yaya wangu, dada yangu mkubwa Laurentine, Mutshatsha,

Nina heshima na majonzi kukutangazia rasmi, wewe pamoja na ukoo wote wa Badibanga ulioko huko kwenye reli, kwamba suruali yangu ya harusi imefariki. Kifungo chake kiliruka Jumanne mbele ya wanafunzi sitini, nikiwa nanyoosha mkono ubaoni, kikaenda kugonga dirisha. Marehemu aliugua muda mrefu, tangu Angèle alipoanza kunisongea ugali wa bukari mara mbili kwa siku. Matanga hayatafanyika.

Basi, yambo Yaya. Miguu inaendeleaje? Ile dawa niliyoituma kwa treni ilikufikia, au imeshapaka miguu ya mtu mwingine njiani? Sisi huku tuko, tunamshukuru Mungu. Angèle anakusalimu sana, anasema yale majani ya muhogo, sombe yako, iliisha siku ileile ilipofika, na anayeulizwa ni mimi. Najua barua zangu unazisoma kwa sauti kibarazani, majirani wakicheka mahali panapochekesha. Safari hii nakuomba uingie ndani, usome peke yako.

Kazi yangu unaijua, ingawa huwaambia watu kwamba mdogo wako anapima vichwa kwa mita. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi mambo yaleyale. Kipimo cha akili au cha tabia kiwe thabiti, yaani ukikirudia kesho kisikupe jibu lingine. Kiwe halali, yaani kipime kile kinachodai kupima. Kiwe kimejaribiwa kwa watu wanaofanana na huyu unayempima. Na kisiachwe kiamue peke yake: ongea na mtu, nenda ukaone anakolala. Nawaambia kwamba mizani ya sokoni inayoiba gramu hamsini kila siku, bila kukosa, ni thabiti kabisa, na ni mwongo. Hapo wanacheka, wanaandika.

Katika silabasi yangu, kile kitabu cha somo wanachonunua wanafunzi, ukurasa wa arobaini na moja una mchoro wa mtoto. Mtoto huyo unamjua. Ni Chancelle, binti wa Kapinga, rafiki yako mliyeuza naye samaki mtaani Kasulo kabla hujaolewa huko. Ni miaka kumi sasa. Alikuwa na miaka tisa, baba yake amekwenda Tenke kutafuta kazi na hajarudi, na yeye akawa hataki kulala chumbani mwake. Alisema kuko batu chini ya kitanda, banapiga-piga. Mchungaji wa chumba chao cha maombi akasema mtoto ni ndoki, mchawi, afungiwe na kunyimwa chakula siku saba. Wewe ndiye uliyemwambia Kapinga amlete kwangu, ukisema mdogo wako ana dawa ya makaratasi.

Nilimpa penseli, nikamwambia achore nyumba. Alichora siku tatu, na mara tatu akachora ileile: kitanda, chini ya kitanda shimo, ndani ya shimo watu watatu wameinama, kila mmoja na kiduara chenye miale kwenye paji la uso. Nikafungua mwongozo wangu. Mwongozo ulisema kilicho chini ya nyumba ni kile mtoto anachoficha moyoni. Nikaandika ripoti: mtoto si ndoki, akili yake ni nzima, anamlilia baba. Mchungaji akanywea, Chancelle akala chakula chake. Silabasi inaishia hapo, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayepiga makofi. Wewe pia umewasimulia watu wa Mutshatsha nzima jinsi nilivyomwokoa.

Yaliyofuata unayajua, au unadhani unayajua. Wiki tatu baadaye sakafu ya chumba kile ilizama na Kapinga. Jirani alikuwa anachimba kobalti ndani ya nyumba yake mwenyewe, na njia yake ya chini kwa chini ilikuwa imevuka mpaka wa kiwanja. Matangani ulisimama ukalia mbele ya watu wote, ukasema ulikuwa umemwita Kapinga aje kwako na mtoto mpaka mambo ya kelele zile yajulikane, naye akakataa, maana alikuwa kichwa ngumu. Wamama wakaitikia kwamba kweli, Kapinga tangu zamani alikuwa hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yako. Niliinamisha kichwa kama wengine.

Oktoba niliona jina la Chancelle kwenye orodha ya darasa langu. Nikajiambia Kolwezi ina akina Chancelle wengi. Ijumaa alikuja ofisini, silabasi mkononi, kidole kwenye ukurasa ule. Hakuniita Professeur, aliniita Tata, kama mtoto anavyomwita baba. Alisema mchoro ni wake, na hakuwa na ubishi na mchoro. Alitaka kujua kuhusu mstari ulio chini yake, ule wa ripoti unaosema: ziara ya nyumbani, imefanyika. Alisema hakuna mtu aliyekuja. Alikumbuka vizuri, maana mama yake alifagia uwanja siku mbili, akaazima kiti chenye mgongo, akanunua Fanta moja ya Professeur. Yeye alikatazwa hata kuigusa. Ilikaa mezani mpaka ile siku.

Yaya, nilikuwa na jibu. Sisi walimu hatukosi jibu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni ukweli, mi mwenyewe nikashangaa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akaniomba jambo moja tu: nikuandikie wewe, kwa sababu alikuwepo matangani ulipomwita mama yake kichwa ngumu, na hajalisahau neno lile. Sasa nakueleza kama nilivyomweleza yeye.

Siku ya ziara mvua ilikuwa imenyesha. Kwa pikipiki ni robo saa mpaka Kasulo, lakini njia ilikuwa tope na mi nilikuwa na viatu vipya. Nikaandika imefanyika, nikaenda kula. Ningefika, ningeona vifusi vya udongo uwanjani kwa jirani. Hata bila kufika ningejua. Nimezaliwa mji huu, nimekua nikiwaona wachimbaji wakipita na taa zao kichwani, halafu mtoto ananichorea taa hizo mara tatu, na mi natafuta maana yake katika kitabu kilichoandikwa Ulaya.

Siku kumi baada ya ripoti, Kapinga alirudi ofisini. Mabulungutu yake mawili yalikuwa yamefungwa, ameyaacha mlangoni. Alisema Yaya Laurentine anamwita Mutshatsha, treni ni kesho, na kelele zile sasa naye anazisikia, si mtoto peke yake. Aliniuliza aende au abaki. Nikamwambia hofu ya mtoto imemwambukiza, na kwamba akikimbia, mtoto ataamini daima kuwa kuna watu. Nikamwagiza kila siku baada ya chakula cha mchana alale saa moja kwenye kitanda kile, Chancelle akisimama mlangoni, ili aone kwa macho yake kwamba hakuna kitu. Alinishukuru, akayainua mabulungutu yake. Alifanya hivyo siku kumi na moja, bila kukosa hata moja. Chancelle alikuwa mlangoni, kama nilivyoagiza.

Godoro letu liko sakafuni miaka kumi sasa. Nimemwambia Angèle ni mgongo. Si mgongo, Yaya. Nalaza sikio chini, nasikiliza.

Kapinga hakukataa kuja kwako. Alikuwa ameshafunga mizigo. Aliuliza mtu aliyesoma, na aliyesoma akamwambia afungue.

Nisalimie watoto wa huko na mama mkwe wako. Ukiona ni vizuri kunijibu, jibu. Ukiona kwanza umwandikie Chancelle, anwani yake nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Ni mimi mdogo wako,
Mathieu Badibanga