Vikucha Kumi na Mmoja

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mzima, baridi tu ya huku inanionea.

Hesabu za vikucha nimezipata. Juzi umesikia kumi na mmoja wakilia chemchemini, na miezi mitano yote nyuma ni kumi na mmoja. Baba, hao ni vyura au timu ya mpira?

Mwezi wa sita ofisi yetu ya maji, hapa ninapofanya kazi, inaamua kama itachimba tangi pale. Vyura wadogo kama ukucha, nje ya kisiwa chetu hawapo popote, na kinga yao ni hesabu yako tu. Halafu mbona hupokei simu?

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, lakini yapo.

Timu ya mpira imenichekesha, kisha ikaniliza. Mimi sisikii. Hata zamani msikilizaji alikuwa mama yako. Tulikaa jiweni asubuhi, kila akilia mmoja, yeye ananigusa goti, naandika. Mara ya mwisho kabla hatujamzika alinigusa mara kumi na moja. Kuandika pungufu ya hapo nimeshindwa.

Fundi bomba mzima, nimezibua mabomba ya kisiwa kizima, masikio yangu yamenishinda. Nisamehe.

Baba yako

18 Mei

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliitupa kabatini kwa hasira, na siku nyingine nilikuwa nalia tu. Nimeiambia ofisi ya maji izifute hesabu zote za miezi mitano. Mkuu wangu kanifokea mbele za watu.

Lakini kilichoniuma ni wewe kukaa peke yako hivyo, nami huku nakutania. Mficha maradhi kilio humfichua, si ulinifundisha wewe?

Macho bado yanaona? Basi tazama. Wanataka picha, hata ya mmoja.

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Kwa asubuhi kumi na mbili mfululizo nimetambaa kwenye majani mabichi, suruali imetoboka. Jirani yangu mshonaji aliniandikia kwenye karatasi: umepoteza nini? Nikamwambia chura. Akanitazama weee! Siku ya tatu naye akawa anatambaa.

Jana tukamwona. Mmoja, juu ya jani, amebeba watoto sita mgongoni, kila mtoto kama punje ya ulezi. Mshonaji akapiga picha, akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi yenu ya hapa kisiwani.

Nimeandika: mmoja. Ndiyo hesabu ya kwanza ya kweli niliyoiandika bila mama yako.

Baba yako

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Wameahirisha uchimbaji kwa mwaka mzima, na wanataka mtu wa kukaa hapo ahesabu kila asubuhi. Nimeomba niwe mimi. Wamekubali!

Nafika tarehe ishirini mwezi ujao, mchana. Usihangaike kunipokea, njia ya nyumbani naijua. Sitapiga hodi, Baba, maana hutasikia. Nitaingia tu. Usishtuke.

Binti yako