Mbogo na Kopo la Rangi Nyekundu

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mungu akitaka kutembelea Ngara kipindi hiki cha mvua, dereva wake ni mimi. Malaika na mbawa zao watabaki Nyakanazi wanasubiri barabara ikauke!

Leo nimeleta gari nyumbani Kanazi. Gari LANGU. Suzuki fupi, turubai nyuma, fo-wili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Limekula pikipiki yangu na maharage yote ya msimu. Mzee Juvenali aliyeniuzia, yule wa karibu na sheli pale Nyakanazi, alitaka kunielekeza kitu kwenye magurudumu ya mbele. Nikamwambia usichoke bure mzee wangu, mimi nilizaliwa nimeshika usukani. Akacheka, akanipa funguo.

Leseni ninayo ya pikipiki. Magurudumu mawili. Haya mawili yaliyoongezeka nitayasomea njiani.

Jina lake Mbogo.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani nilikwenda, ila nilibaki nje kulinda gari. Watu walitoka misa wakaja kwa Mbogo kwanza, padri baadaye.

Jovitha wa maandazi alilizunguka kama anayenunua ng'ombe. Eti mbona mlango umefungwa kwa kamba? Nikasema kamba ni ya kuzuia wasichana wasijirushe ndani. Akasema basi ifungue, uone watakavyojirusha nje. Mdomo ule!

Jumanne, 12 Novemba

Rangi! Nimepata kopo la rangi ya mafuta, nyekundu, masalia ya milango ya duka la jirani. Nimepaka bampa. Nimepaka fremu za vioo vya pembeni. Halafu magurudumu ya mbele — katikati yana vikombe vimechomoza, kama vifuniko vya chupa ya chai, vina mistari mistari. Vibaya kweli. Nimevipaka mara tatu mpaka mistari yote ikaziba. Laini kama yai!

Jovitha kauliza mbona ya nyuma hayana vikombe. Nikamwambia mrembo anapaka wanja machoni, hapaki kisogoni.

Akabeba ndoo yake ya maandazi, akaenda zake. Jovitha! Hii ndiyo siku kubwa kuliko ile ya kununua gari.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo sikuwa na safari. Nimeendesha tu.

Nilipanda mlima kwa njia ya wakata miti, mikaratusi huku na huku, ukungu bado umelala mabondeni. Juu kabisa nikazima injini. Kimya. Vilima mpaka Burundi, kimoja nyuma ya kingine. Mbogo anatoa mvuke kidogo, kama ng'ombe aliyetoka kunywa. Nikakaa pale mpaka jua likanichoma. Sijui kwa nini mtu mwenye gari huwa ana haraka.

Kurudi nilimpakia Ndayisenga, tuliyekuwa naye kijiwe kimoja cha bodaboda. Nikavuta kile kigiya kidogo cha fo-wili. Nikamuuliza, unasikia nguvu? Akasema hasikii kitu. Nikamwambia hii si redio, tulia.

Nyumbani nimemkuta bibi amekaa mlangoni, kanga ya safari mabegani. Bibi Eustakia, mzaa baba. Habari imemfikia: mdogo wake, Bibi Scola wa Keza, anahamishwa. Mwanawe, baba mdogo Gozbert, anakuja kumchukua Jumamosi akaishi naye Kahama. Hawajaonana tangu mazishi ya babu. Bibi magoti yamekufa, basi linamtapisha, na pikipiki ilishamwangusha, hataki kuiona.

Kasema taratibu tu: "Nikimkosa Jumamosi, tutaonana mmoja wetu akiwa kwenye sanduku."

Nikasema bibi, gari lipo.

"Hilo gali lako linafika Keza?"

Bibi, linafika hata mbinguni!

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Ndayisenga amekuja kumwambia bibi bora aende leo, atamwendesha polepole na kumfunga kwa kanga mgongoni kwake. Bibi akaniangalia mimi. Nikamwambia Ndayisenga asimtishe mzee, kesho tunakwenda na mashine ya watu wazima.

Akaniuliza pembeni, una uhakika? Nikamwonyesha vikombe vinavyong'aa.

Bibi ameandaa kuku, mkungu wa ndizi na kidumu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kalala mapema.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nimekaa kwenye boneti. Bonde la kuingilia Keza. Tumekwama.

Tulianza vizuri! Bibi mbele, kuku miguuni, anapungia kila mtu, hata wasiomjua. Kufika bondeni, njia ni tuta jembamba, matope ya mfinyanzi, maji pande zote. Nikavuta kigiya kidogo. Nikakanyaga. Magurudumu ya nyuma yakalia, yakachimba, yakakaa. Ya mbele hayakutikisika hata kidogo. Bibi akasema: "Limechoka?" Nikasema linapumzika.

Hatukukaa sana, tukasikia honi upande wa Keza. Pikapu ya kukodi, godoro juu, mitungi juu, na katikati ya baba mdogo Gozbert na dereva — Bibi Scola! Waliondoka mapema kwa kuogopa mvua. Na njia ni hiyo moja tu, na katikati yake ni mimi.

Shikamoo baba mdogo. Hakuitika.

Lakini wale bibi! Scola alishuka na fimbo yake, akaingia matopeni na viatu vya kanisani, akaja. Bibi akafungua ile kamba ya mlango mwenyewe. Wakashikana. Hakuna aliyelia, walicheka kama wasichana walioiba kitu. Sasa wamo nyuma chini ya turubai, rubisi imefunguliwa, wanaongea Kihangaza cha zamani, cha kasi, nashika nusu. Hii nusu haifai kuandikwa.

Tusingekwama, magari yangepishana huko mbele penye upana na wao wangepungiana mikono. Kwa hiyo ukiangalia vizuri mimi ni shujaa.

Ila.

Dereva wa pikapu alikuja akainama mbele. Akauliza umefunga? Nikasema kufunga nini. Akashika kikombe, hakizunguki. Akasema hivi ndivyo vinazungushwa kwa mkono kwanza ili fo-wili ishike, bila hivyo magurudumu ya mbele yanasindikiza tu. Halafu: nani mjinga kavigandisha kwa rangi?

Baba mdogo akanikazia macho.

Nikasema nimelinunua hivyo, kwa Mzee Juvenali wa Nyakanazi.

Baba mdogo na dereva wameondoka kwa miguu kutafuta vijana na kamba. Nimechukua kisu cha bibi cha ndizi, nimekwangua. Kimoja kikazunguka — tak! Cha pili, tak! Mbogo anaweza kutoka sasa hivi. Bibi katoa kichwa: "Bado?" Nikasema bado, bibi. Akarudi ndani kwa mdogo wake. Hilo halinisumbui hata kidogo.

Kinachonisumbua ni baba mdogo. Wakati anaondoka alisema watapitia Nyakanazi kuweka mafuta, na atamshusha huyo Juvenali mbele ya watu wote wa sheli, amuulize kwa nini alimuuzia mtoto gari lililoharibiwa. Mzee wa watu. Atakuwa amekaa kwenye benchi lake, atasimama amsalimie.

Nawasikia wanarudi. Kucha zangu zote nyekundu.

Mzee Juvenali hajagusa hata brashi. Nilipaka mimi. Mara tatu.