Esi, Mfalme na Vifungo vya Koti

3 Februari

Binti yangu mpenzi,

Naamini unaamka salama na mgongo umepoa, maana kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali nzima si mchezo. Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linalalamika kwa niaba ya mwili wote. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu. Tangu mama yako atutoke, hakuna jioni anayopita bila kuchungulia hapa.

Mwanangu, nimechanganyikiwa. Ule mchezo wa karata uliotufundisha ulipokuja likizo tunaucheza kila Jumamosi mchana juu ya meza yangu ya kukatia, watu watano: mimi, Kinyozi, Fundi Viatu, Mwalimu Mstaafu na Mama Mkaa. Tunawekeana vifungo vile vile ulivyoagiza, viwili viwili mwanzoni, vinne vinne kwa karata mbili za mwisho, hakuna kujifanya tajiri. Juzi nimepewa esi na mfalme mkononi. Nikajua leo nimelamba dume. Zikafunuliwa tatu za wote mezani, ikaja ya nne, ikaja ya tano, mimi nasukuma vifungo tu. Mwisho Kinyozi akaonyesha jozi ya tisa, tisa tu, akazoa lundo lote. Jumamosi ya kabla yake ilikuwa hivyo hivyo. Wakubwa wawili wa pakiti nzima wananiaibisha namna hii kwa nini?

Halafu kuna mteja karudisha suruali, eti nyeusi imeshonwa kwa uzi wa kijani. Watu wa siku hizi wana maneno.

Nijibu upesi.

Baba yako

15 Februari

Shikamoo baba,

Mgongo haujambo, na nimecheka mpaka msimamizi akanikodolea macho. Lakini mistari yako inapandana, wa tatu umeukalia wa pili. Nimeisoma kwa kuigeuza geuza karatasi.

Esi na mfalme ni wakubwa, baba, lakini si jozi, na jozi yoyote inawashinda. Ni watu wawili wenye vyeo ambao hawajuani. Ukiwapata, pandisha mwanzoni, sawa. Ila zile tatu zikifunuliwa na hakuna esi wala mfalme mwingine mezani, huna kitu mkononi, una vyeo tu. Na vifungo viwili havimtishi mtu. Watabaki wote, na katika wote hakosi mwenye kajozi kake. Kwa hiyo tupa. Tupa hata kama roho inauma.

Ukurasa huu wa mwisho ni wa jambo lingine. Uzi wa kijani kwenye suruali nyeusi, wewe? Wewe uliyekuwa ukinionyesha tofauti ya nyeusi na nyeusi iliyokwisha kufuliwa? Macho yako yana nini? Niambie ukweli, naogopa. Bila macho hakuna cherehani, na bila cherehani nakujua, utakaa kwenye kiti usiinuke tena.

Na ununue simu nyingine, badala ya ile uliyoipiga pasi.

Binti yako

2 Machi

Binti yangu,

Afya yangu njema, na yako nimeambiwa njema, namshukuru Mungu.

Nimefuata ushauri wako neno kwa neno. Umesema esi na mfalme wakija nisiwatupe kabisa, ning'ang'anie kama kupe mpaka karata ya tano. Nimeng'ang'ania. Jumamosi moja vifungo thelathini na nane vimekwenda, pamoja na vile vikubwa vya koti la Mwalimu, ambalo halijaisha. Kinyozi kavibeba kwenye kopo lake la poda. Mwanangu, una hakika na unachonifundisha? Au hospitali wanacheza mchezo wa jina hilo hilo wenye sheria nyingine?

Mengine shwari. Suruali imerudi tena, sijui wanataka nini.

Baba yako

12 Machi

Shikamoo baba,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikadhani mimi ndiye mgonjwa. Niliandika tupa. Ukurasa wa pili, mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa utadhani bango. Ulisoma nini?

Na nimekuuliza macho, hukugusa kabisa. Basi nimefanya ya kwangu. Mashuka ya wodi ya macho napeleka mimi, na daktari wa pale ananijua. Nimemweleza jinsi unavyoandika na uzi wa kijani. Anasema yaelekea ni mtoto wa jicho, upasuaji mdogo, na kitanda ameniwekea tarehe 9 Aprili. Ukikosa siku hiyo foleni inakwenda mpaka mwakani. Ninachotaka kwako ni neno moja, nakuja au siji. Nimeandika kurasa tano kukueleza safari nzima, wapi utashuka na nani atakupokea.

Jibu hilo tu. Karata ziache.

Binti yako

26 Machi

Binti yangu,

Salamu zako nimezipata, na nimefurahi kwamba kazi inaendelea vizuri. Barua yako safari hii imekuwa fupi, nadhani umechoka.

Nimefanya ulivyosema, nishike kwa nguvu zaidi na nipandishe hata mwishoni. Mambo yamekwenda segemnege. Esi na mfalme mkononi, na mezani nimemwona mfalme wa pili kwa macho yangu, na taji lake. Nikamwaga vifungo. Wakafunua, Fundi Viatu akasema yule si mfalme, ni jeki. Nikabisha. Mama Mkaa akanishika mkono akaniambia polepole, ni jeki, Fundi. Kinyozi alikuwa na jozi mbili, lakini hata yeye vifungo hakuvizoa kwa furaha.

Sielewi tena, mwanangu. Labda huu mchezo umenizidi umri.

Baba yako

30 Machi

Shikamoo baba mdogo,

Barua hii si ya baba. Ni yako wewe unayeishika, uliyekaa kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, na baba yuko mbele yako ameinamisha kichwa kusikiliza.

Nimechelewa kuelewa. Baba anaandika kwa mazoea ya mkono, lakini kusoma hawezi. Nikiandika tupa, yeye anasikia ng'ang'ania, na mara zote mbili aliyebeba vifungo ni wewe. Hilo nakusamehe. Lakini kurasa zangu tano amezisikia fupi, na kila nilipouliza macho, hayakufika. Kwa nini, baba mdogo? Umenikata nywele za kwanza. Tarehe 9 Aprili ndiyo siku ya kitanda chake, na zimebaki siku kumi.

Msomee barua hii. Kisha rudi uzisome na zile mbili, tangu mwanzo, usiruke. Nakuomba.

Binti yenu

12 Mei

Binti yangu,

Nimefika salama, na goti halijambo. Nakushukuru kwa wiki zile tatu, kwa uji na kwa kunifunga bandeji ya jicho. Lipo jambo sikulisema nikiwa kwako, maana Kinyozi alikuwa ananishika mkono kila tulipokwenda.

Siku ile ya barua yako alifungua, akaanza, "Shikamoo baba mdogo." Nikasikia kiti kinalia. Kisha akasoma yote, na zile mbili, mpaka sauti ikamkauka. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia: "Ukipona utajisomea. Nitakuja hapa jioni kufanya nini?"

Na mimi nikuungamie. Nilijua, mwanangu. Cherehani inafundisha kusikia. Nilisikia karatasi ikigeuzwa na maneno hayaji. Lakini ningemkaripia, angesema basi kasome mwenyewe, na ungejua kwamba sioni. Niliogopa utanifungia duka. Tulikuwa wazee wawili waoga, kila mmoja anamficha mwenzake.

Jumamosi nimepewa esi na mfalme. Zikafunuliwa tatu: ya mbili, ya saba na jeki, na jeki nimemtambua mwenyewe. Nikatupa. Roho imeuma kweli, hukunidanganya. Koti la Mwalimu limepata vifungo vyake.

Barua yako ya juzi ilipofika niliifungua nikaisoma yote peke yangu, taratibu, na nililia kidogo. Kisha nikaibandika upya kwa gundi, nikamwambia Kinyozi miwani mpya inaniumiza, anisomee. Akavuta kiti. Mimi nimeinamisha kichwa, namfuata kimoyomoyo. Hakuruka kitu, hata pale ulipomwita mwizi wa vifungo.

Usiache kuandika, na uandike ndefu.

Baba yako