Pua ya Fundi wa Chini

3 Machi
Kitinda mimba wangu,
Natumai unakula na kulala. Mimi mzima, ila situlii. Fundi cherehani wa chini amenishtaki eti paka wako ananukisha ngazi. Mwenye nyumba atakuja mwisho wa mwezi. Akisikia harufu, paka atoke. Mimi huyu, ambaye sakafu yangu inang'aa hadi mtu anaweza kujitazama akinyoa ndevu. Nimewaambia jengo zima binti yangu ni daktari, hawezi kuzaliwa penye uchafu. Nimenunua mchanga wa paka kujisaidia, wa bei kali, wenye picha ya waridi, nikanyunyiza na poda juu. Nyumba ni bibi harusi hasa.
Mama yako mzazi

11 Machi
Mama, shikamoo. Sijambo, kazi tu zinabana. Mimi napima damu maabara, si daktari. Manukato yanamfukuza paka, ataenda kukojoa kwingine. Nunua mchanga usio na manukato, ule unaoganda ukilowa. Chota mabonge asubuhi na jioni. Beseni lake la mchanga lioshe kwa sabuni na maji moto. Lililokwaruzika litupe, harufu hujificha mle. Usimtoe, nakuomba. Yeye ndiye aliyelala miguuni pa Baba hadi alipofariki.
Mwanao

20 Machi
Daktari wangu (niache niseme),
Hujambo? Nimefanya yote. Kweli alikuwa akikojolea nyuma ya kochi. Sikujua kwa pua, nilijua kwa soksi kulowa. Mwanangu, tangu yale mafua sisikii harufu. Juzi maziwa yaliungua, nikaona moshi kwanza. Usimwambie mtu. Sasa nachota, naosha, nachota tena, nazunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga. Roho iko juu.
Mama

23 Machi
Mama, shikamoo, na pole. Nenda hospitali. Kwa sasa tafuta mtu akunusie. Asiwe shangazi, atakusifu tu. Awe mtu asiyeogopa kukuudhi.
Mwanao

4 Aprili
Mama, mwezi umekwisha. Mbona kimya? Paka yuko wapi?
Mwanao

9 Aprili
Kitinda mimba,
Tulia, tu wazima. Nilishuka ngazi, nikarudi, nikashuka tena, mwisho nikabisha kwa fundi. Nikamwambia, “Dada, pua ndiyo uliyonishtakia. Haya, ilete.” Akaja na pini mdomoni, akapiga magoti nyuma ya kochi. “Hapa,” akasema. Tukavua kitambaa cha kochi, tukakifua pamoja. Tangu hapo hupanda kila asubuhi, ananusa, anakunywa chai yangu, anaisema haina sukari.
Mwenye nyumba alipofika, fundi ndiye aliyemfungulia. “Si wewe uliyelalamika?” akamuuliza.
“Nililalamika. Sasa nanusa mwenyewe. Ingia nawe unuse.”
Alinusa hadi chini ya kitanda, akasema paka abaki. Paka amekalia karatasi hii, ndiyo maana mwandiko umepinda. Jumatatu naenda hospitali kwa ajili ya pua. Fundi ataka kunisindikiza. Nimemkubalia, maskini, asije akajiona mpweke.
Mama yako