Corbin, Kaburi Lako Halina Njia

Mwaka umetimia, Corbin, tangu tukupandishe mlimani kwa gari la baba yako na kukulaza ubavuni mwa babu yako Arvil. Haya tulitaka kuyasema tukiwa tumeketi kando yako na sufuria la maharage na mkate wa mahindi, kama tunavyofanya kila mwaka siku ya kupamba makaburi. Imeshindikana. Ndiyo maana tunayasema hapa gazetini, na atakayesikia asikie.

Mama yako hakupenda tuandike. Alisema gazeti halifiki huko uliko. Asubuhi yake akaja mwenyewe mezani, akavuta kiti, akasema tuanze na tai.

Basi, tai. Ulikuwa nayo moja tu, ya buluu, na hukujua kuifunga. Baba yako alikufungia siku ulipoapishwa kuwa mbunge wa jimbo, una miaka ishirini na minne, mdogo kuliko wote mle ndani, na tangu siku hiyo fundo hukulifungua. Ulikuwa unailegeza, unaivulia kichwani, unaitundika kwenye msumari wa jikoni mpaka kesho. Wabunge wenzako walidhani ni utanashati. Sisi tulijua ni uvivu. Umezikwa nayo, na fundo ni lile lile la baba yako.

Kura zako uliziomba huku unafanya kazi. Mchana unauza misumari na rangi kwenye duka la vifaa, jioni unapita mlango kwa mlango, na ukikuta mfereji wa maji ya paa umeanguka, unapanda kwanza kuurudisha ndipo utaje jina lako. Bibi Maxine wa ng'ambo ya kijito alikuchungulia kupitia wavu wa mlango wake.

"Wewe si mtoto wa Twila? Utatutetea nini, na hata ndevu hujaota?"

"Ndevu zitaota, bibi," ukamjibu. "Mlima ukishakatwa ndio hauoti."

Alikupigia kura, na maneno hayo akawasimulia watu kanisani mpaka wakayachoka.

Hukwenda kule kutafuta ukubwa. Ulikwenda na mswada mmoja. Sheria yetu inaikataza kampuni ya makaa ya mawe kugusa makaburi ya watu, lakini haiilazimishi kuacha njia ya kuyafikia. Wanaweza kuukata mlima pande zote, wafu wakabaki juu kama kisiki shambani. Wewe ulitaka wabakize njia, basi. Njia ya kumtosha mama mtu mzima na ndoo yake ya maua. Kila msimu wa baridi, bunge likikaa, uliupeleka mswada wako, na kila mara Mheshimiwa Wickline, mwenyekiti wa kamati, aliuweka pembeni bila kuupangia siku ya kusikilizwa. Hakuukataa. Angeukataa, ungejua pa kushika. Alikuwa akikutabasamia tu.

Ulikuwa ukituigizia sauti yake wakati wa chakula. Alikushika bega ukumbini akakwambia, "Kijana, mswada ni kama keki. Ukifungua oveni mapema, inanywea." Nawe ukamwambia, "Mheshimiwa, oveni yenyewe hujaiwasha." Tulicheka mpaka machozi. Mama yako hakucheka, alikuuliza kama kule mjini unakula.

Tena kuna ule mwaka ulipobeba kikapu cha vitunguu mwitu vya milimani kwetu, ukavikaanga kwa mafuta ya nguruwe, ukawalisha waheshimiwa, na jengo zima likanuka. Ulisema hatimaye kuna kitu chako kimewafikia.

Kisha damu yako ikaugua. Msimu wako wa mwisho uliingia bungeni na kofia ya sufu aliyokufumia dada yako Shawna, kwa kuwa nywele zilikuwa zimekwisha kwa dawa za saratani, na Spika akakuruhusu kubaki nayo kichwani. Ulikuwa unasema sentensi mbili, unakaa, unasimama tena. Wickline alikwambia uwe na subira, mwakani mswada utasikilizwa. Ulimjibu kwamba mwakani huna.

Baba yako alitaka kukuzika mjini, kanisani, kwenye nyasi zinazokatwa na lami mpaka mlangoni. Ulikataa ukiwa kitandani.

"Nizikeni kwa babu. Wakishakuwa na mheshimiwa kule juu, wataona haya kuifunga njia."

"Kampuni haina haya, mwanangu," baba yako akasema.

"Basi mama ataifundisha."

Ulilisema kwa utani. Mama yako alilichukua kama wosia, na tangu siku ile hana kazi nyingine duniani.

Wickline alikuja mazishini. Wakati ule barabara ya malori ilikuwa bado ipo, akaipanda kwa miguu na viatu vyake vya mjini. Alilia, na hatumsingizii, yalikuwa machozi ya kweli. Alimshika mama yako mikono yote miwili akamwahidi kwamba bunge likikaa tena sheria itapita na itaitwa kwa jina lako. Mama yako alimwamini. Msimu mzima wa baridi alipiga simu ofisini kwake, mpaka binti wa kule akaijua sauti yake na kuanza kumwita mama. Siku ya mwisho ya bunge alikaa mbele ya redio amevaa koti, kama mtu atakayeitwa wakati wowote. Mswada haukutajwa. Kilichotajwa ni azimio kwamba daraja la barabara kuu, pale mtoni, lipewe jina lako. Walisimama wote wakapitisha, hapakuwa na hata mmoja wa kupinga, kisha wakapiga makofi marefu.

Siku ya kulizindua, kibao cha kijani kilikuwa kimeshasimikwa: Daraja la Mheshimiwa Corbin Estep. Wickline alimkabidhi mama yako mkasi wa kukata utepe. Mama akaushika, akakikaribia kipaza sauti.

"Hili daraja linanifikisha kwa mwanangu?"

"Mama Estep, leo ni siku ya heshima," Wickline akamwambia polepole.

"Nimeuliza njia. Heshima sijauliza."

Utepe ulikatwa na mtu mwingine.

Jumapili ya kupamba makaburi tukaenda. Mama yako na Shawna walikuwa wametengeneza maua ya karatasi na kuyachovya kwenye nta, kama alivyofanya bibi yako, ili mvua isiyaharibu. Geti la kampuni, chini ya mlima, lina mnyororo mpya. Mlinzi ni Jarrod Toler, yule uliyecheza naye besiboli, aliyelibeba jeneza lako upande wa kichwani. Alitoka kibandani ameshika kofia mkononi.

"Mama Corbin, barabara haipo tena. Si kwamba nakuzuia. Haipo."

Baba yako akamwomba afungue tukajionee wenyewe. Jarrod alisema akifungua, kesho hana kazi, na ana wawili wa kulisha. Hatukumlaani. Alifuta macho, akasema anaingia ndani kula, na kwamba kile kibanda hakina dirisha la upande wa kijitoni.

Tukapita kijitoni. Mama yako na goti lake, baba yako na kifua chake kilichojaa vumbi la mgodini, tunakwenda tunapumzika. Tulipotoka kwenye miti, ardhi ikaishia hapo. Mbele yetu wamechimba shimo lenye kina kinachozidi urefu wa mnara wa kanisa, na ng'ambo yake, peke yake, kimebaki kile kipande cha juu: majani, mawe ya kina Estep, na jiwe lako. Tuliyaona maua ya mwaka jana, yamepauka. Pa kupita hapakuwepo, hata pa mbuzi.

Mama yako alisogea ukingoni mpaka baba yako akamshika koti kwa nyuma. Akakuita kwa sauti ile ile aliyokuitia kijitoni uje ule.

"Corbin! Tumekuja, mwanangu. Nchi imeishia hapa."

Akasubiri. Tukasubiri naye.

Wakati wa kurudi tulipita darajani kwako, na Shawna akashauri maua tuyafunge pale, chini ya jina lako. Mama yako alikataa, akasema hayo ni ya kaburi. Sasa yapo jikoni, ndani ya ndoo, chini ya msumari wa tai. Bunge linakaa tena baada ya Krismasi, na aliyekirithi kiti chako bado hajapokea simu ya mama yako. Kama kuna anayesoma hapa na anaijua njia nyingine ya kupanda kule, atuambie. Tunaomba.

Tunaokulilia ni baba yako Virgil, dada yako Shawna, Bibi Maxine, Jarrod aliyetuomba tumtaje, na mama yako Twila, aliyeandaa maua na hana pa kuyaweka.

Kukukumbuka tutakukumbuka siku zote, Corbin. Kukufikia ndiko kulikotushinda.