Kishikwambi cha Marehemu Donati

Vicky, nimetoka sasa hivi kwa fundi hapa Ikwiriri na mwalimu Eufrasia. Hata sijui nianzie wapi.

Kile kishikwambi cha marehemu mumewe kimekufa. Kile chenye sauti ya Donati akiwasomea watoto hadithi. Hakuna kwingine ilikohifadhiwa.

Kilirukiwa na maji kwenye boti akitoka Mbwera. Alishasikia kwamba simu ikilowa inafukiwa kwenye mchele. Mchele hana, akakifukia kwenye gunia la mpunga. Mpunga uliovunwa majuzi tu Vicky, haujaanikwa, mbichi kabisa. Siku tatu.

Fundi kachomoa punje kwenye tundu la chaji, watu dukani wakacheka. Eufrasia naye akacheka kidogo, anadhani kitapona.

Ndipo akaambiwa vipuri vyake havipo hata Kariakoo. Kampuni iliyokitengeneza ilishindwa na kampuni kubwa, ikaacha vishikwambi zamani. "Mama, siku hizi dunia nzima wanauza wachache tu. Lakini vipya ninavyo, wanashindana hao, bei zimeshuka, kamera kali."

Kamera kali, Vicky. Alimwambia hivyo.

Eufrasia akamuuliza taratibu, "Na hivyo vipya vinamjua Donati?"

Fundi akainama, akakifuta kile kishikwambi kwa shati lake, akamrudishia.

Sasa tumekaa stendi tunasubiri gari. Amekiweka sikioni tangu tukae, nami sina ujasiri wa kumwambia akitoe.