Nyasi Zilizoachwa na Ng'ombe

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Cherehani inalia, nimeipaka mafuta, bado inalia. Magauni ya kwaya hayajapata mikono na wenyewe wanayataka kesho asubuhi. Kila mwaka naapa sitapokea kazi za Pasaka dakika za mwisho, na kila mwaka napokea. Mjinga ni mimi.

Chacha amepita na bodaboda yake kujikinga mvua. Amelowesha sakafu yote na tope la Tarime nzima. Anasema kesho mchana tunaondoka kwenda Nyamwaga, Rhobi ameshafika kwao. Nimemwambia watu wenye akili na umri wetu hawapandi mlima ili washuke kwa makalio juu ya ganda la mgomba. Amecheka tu. Anajua nitakwenda. Tangu tumalize shule ya msingi tunakwenda kila Pasaka, sisi watatu, mvua ikiwa imelainisha mlima wote, na kila Pasaka mimi ndiye mlalamikaji. Lazima mtu mmoja aifanye kazi hiyo.

Sina raha leo. Labda ni hii mvua.

Ijumaa, 3 Aprili

Magauni yamekwenda. Kanisani nilisinzia.

Barabara ya Nyamwaga ni uji. Sehemu kubwa nimetembea, viatu mkononi, Chacha akisukuma pikipiki na kuimba. Namchukia akiimba.

Rhobi alikuwa barazani kwa mama yake akimenya ndizi. Amekonda, lakini vizuri. Anafundisha michezo kwenye shule moja ya msingi huko Mugumu, anakimbia na watoto kila asubuhi, na ana miguu ya mtu anayekimbia kila asubuhi. Mimi nina miguu ya mtu anayekanyaga cherehani. Aliponiona alisema, "Bhoke, umenenepa, utashuka haraka kuliko sisi." Nikamsalimia mama yake kwanza, shikamoo, ndipo nikamjibu mwanaye anavyostahili.

Hakuna nyama, ni Ijumaa Kuu. Ugali wa mtama na maziwa mgando. Nimekula sana kwa mtu mwenye huzuni.

Jioni tulikwenda kuutazama mteremko nyuma ya nyumba. Ng'ombe wameula vizuri, umebaki kama zulia lililolowa. Chini kabisa, upande wa kushoto, karibu na matuta ya zamani ya viazi, kuna nyasi ndefu, mbichi, hazijaguswa. Rhobi alifurahi. Alisema pale ndipo pa kutua, lile ni godoro. Tukakubaliana naye wote. Shamba la chini linasimamiwa na baba yake mdogo tangu baba yake afariki, lakini hatukumkuta. Yuko Nyakunguru kwenye mambo yake ya dhahabu.

Chacha amekata maganda ya mgomba matatu. Amechagua mapana. La kwangu ndilo pana kuliko yote, na ameniambia sababu.

Jumamosi, 4 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali, Tarime. Rhobi ameanguka kwenye shimo. Yuko hai. Hasikii miguu.

Niandike kwa utaratibu au nitachanganyikiwa.

Tulipanda asubuhi. Manyunyu, ukungu kidogo kileleni. Nilishuka mimi kwanza, nikapiga kelele njia nzima, nikaegemea kushoto kama kawaida yangu, nikapinduka kabla ya kufika chini. Chacha akafuata, akanipita akicheka, akaishia kwenye matuta. Kisha Rhobi. Alishuka vizuri kuliko sisi sote, mgongo umenyooka, mikono imeshika ncha ya ganda. Alilenga zile nyasi ndefu. Akaingia ndani yake. Hakutokea.

Sikuelewa. Nilidhani amelala anatufanyia mzaha. Chacha ndiye aliyekimbia, na nilipomwona anasimama ghafla na kurudi nyuma hatua moja, ndipo nikaelewa.

Shimo la wachimbaji. Lilikuwa limefunikwa kwa magogo na matawi, udongo juu, na nyasi zimeota juu ya udongo. Refu, giza, maji ya mvua chini. Rhobi yuko kwenye maji, amekaa vibaya, ananiita kwa jina.

Nikapiga yowe. Na hapa kwetu yowe maana yake ng'ombe wameibwa. Wanaume wakatoka kwenye kila boma na mapanga na pinde, wakapandisha mlima mbio kwenda kuziba njia ya mpakani, wawazuie wezi huko mbele. Mimi napunga kanga, wao wananipita. Mmoja aliniuliza bila kusimama, "Wamepita wapi? Ni wangapi?" Nikamwambia ni mtu, ni mtu, hakuna ng'ombe. Alikuwa ameshafika mbali. Na ng'ombe wenyewe wamesimama pale pale mteremkoni, wanatutazama.

Waliporudi walikuwa na silaha, hawana kamba. Tukangoja kamba za kufungia ng'ombe ziletwe. Chacha akateremka, akamfunga chini ya makwapa, tukavuta. Tulivuta sote. Rhobi alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kisha akanyamaza. Tukambeba juu ya kitanda cha mama yake mpaka barabarani, tukapata gari la mtu anayepeleka mahindi mjini.

Mama Rhobi yuko ndani naye. Chacha yuko nje kwenye mvua. Ana tope mpaka kwenye nyusi na hataki kunawa.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Kwaya imepita barabarani ikiimba. Nimeyajua magauni yangu. Mkono mmoja umeanza kufumuka.

Daktari ametuita. Ni mfupa wa mgongo. Akauliza tulimtoa vipi shimoni. Nikaeleza. Hakugomba, aliandika tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha akasema mtu wa namna hii hapaswi kuvutwa, hulazwa juu ya ubao, hunyooshwa. Chacha akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama ukuta. Kule mlimani hakuna aliyelijua hilo. Tunajua kutoa ndama shimoni. Tulimtoa Rhobi kama ndama.

Jumanne, 7 Aprili

Wamempeleka Mwanza. Mama yake amekwenda naye. Kwenye gari la wagonjwa hapakuwa na nafasi yangu.

Kabla hawajafunga mlango Rhobi aliniambia nimshike kidole cha mguu. Nikamshika. Akauliza, "Umeshashika?"

Nikasema bado.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekwenda Nyamwaga kuchukua nguo za Mama Rhobi. Sikutaka kwenda nyuma ya nyumba. Nilikwenda.

Shimo liko wazi, wameliwekea miiba pembeni. Ng'ombe walikuwa wanakula. Nilikaa kwenye jiwe nikawatazama kwa muda mrefu. Wanakula mpaka mahali fulani, kisha wanageuka. Wote. Ukanda wa nyasi umebaki kuzunguka lile shimo na hakuna ulimi uliougusa.

Sisi watatu tumezaliwa kwenye maboma ya ng'ombe. Chacha amechunga mpaka alipopata pikipiki. Rhobi alikuwa anakamua kabla ya kwenda shule. Mimi nimelala chumba kimoja na ndama. Mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba mlimani, mahali penye ng'ombe wengi, nyasi ndefu hazibaki bila sababu. Ama pana nyoka, ama pana dawa, ama pana shimo. Tulisimama pale jioni ile tukaziona, mbichi, ndefu, peke yake katika mlima mzima, na tukasema ni godoro.

Ningekuwa mgeni kutoka Mwanza ningejisamehe.

Jumatano, 13 Mei

Ukoo umekaa leo nyumbani kwa Mama Rhobi. Yeye amerudi kwa siku chache, dada yake amebaki na mgonjwa. Mimi si wa ukoo ule. Nilikaa jikoni na wanawake, lakini dirisha lilikuwa wazi.

Baba mdogo amesema yote. Aliwaruhusu vijana wa Nyakunguru wajaribu kuchimba mwaka jana. Hawakupata kitu, mawe tu. Akaogopa kumwambia shemeji yake, Mama Rhobi, kwa kuwa shamba ni la marehemu kaka yake na hakuomba ruhusa. Akalifunika shimo. Alidhani atalijaza polepole, na mambo yakawa mengi. Analia anaposema, na sauti yake ni ya mtu mzima anayelia, haipendezi kusikiliza.

Mzee mmoja akamuuliza kama kweli hakumwambia mtu hata mmoja. Akajibu, "Nilimwambia anayenichungia, asiwapitishe ng'ombe pale."

Jikoni mwanamke mmoja aliacha kusonga ugali.

Ng'ombe waliambiwa. Rhobi hakuambiwa.

Wazee wakasema atoe ng'ombe, wakaanza kujadili wangapi. Mama Rhobi akawakatisha. Alisema hataki hata mmoja. Alisema, "Nikiwafunga hapa, kila asubuhi nitakuwa nakamua miguu ya mwanangu. Mwambieni ajaze shimo." Akatoka nje.

Ningependa kumchukia yule baba mdogo vizuri, kwa moyo wote. Siwezi. Nikianza, naona zile nyasi, na macho yetu sita yanayozitazama.

Jumapili, 21 Juni

Nimerudi kutoka Mwanza. Rhobi ataruhusiwa karibuni. Watampa kiti cha magurudumu. Miguu hairudi. Wamemwambia wazi na yeye ndiye aliyeniambia mimi, kwa sauti ile ile anayowaambia nayo watoto wake wa Mugumu kwamba mashindano yameahirishwa.

Nilianza kulia. Akakasirika. Alisema kila anayekuja analia juu ya kitanda chake na yeye ndiye anayetafuta kitambaa. Alisema nikalie kwenye kituo cha mabasi kama watu wengine. Nikaenda nikalia kwenye kituo cha mabasi.

Aliniuliza habari za Chacha. Nikamwambia anafanya kazi. Ukweli ni kwamba hajaenda kumwona hata mara moja. Akiniona sokoni anageuza pikipiki. Anadhani ni yeye aliyemvunja, pale alipomfunga kamba. Inawezekana ni kweli. Inawezekana alikuwa ameshavunjika. Hakuna atakayetuambia. Nimechoka kuwaza hilo, na bado nawaza.

Alhamisi, 20 Agosti

Rhobi yuko Nyamwaga kwa mama yake. Shule imempa mtu mwingine vipindi vyake vya michezo. Amesema ni sawa. Si sawa.

Leo nimemvizia Chacha kwenye kijiwe chao, nikashika usukani wa pikipiki ili asiondoke. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi makali. Nilichosema ni kwamba Rhobi anataka kwenda chooni na mama yake amezeeka, hawezi kumbeba peke yake. Abiria wake alikuwa anasikia. Nikaachia usukani.

Jumapili, 6 Septemba

Nimefika Nyamwaga nikaikuta pikipiki ya Chacha imeegemezwa uani, ina vumbi la siku mbili. Alikuwa anajenga njia ya mteremko mdogo kwenye kizingiti, kiti kipite. Ameijenga vibaya. Rhobi anamwelekeza na kumsema, "Mura, kijana wewe, hata saruji hujui?" Yeye anabomoa, anaanza tena.

Nilipika.

Jumamosi, 14 Novemba

Vuli imeanza. Nimefunga chumba cha cherehani mapema, nikaja.

Rhobi alikuwa anatungoja barazani, amejifunga koti. Alikuwa ameshamwagiza Chacha akate maganda ya mgomba. Nilisema hapana kabla hajafungua mdomo. Akasema sijaulizwa.

Chacha akambeba mgongoni, mlima mzima. Alipumzika mara nyingi. Mimi nilitembea nyuma nikiwa nimeshika miguu yake isining'inie. Ni myepesi sasa. Juu tulitandika turubai tukamkalisha, Chacha akakaa nyuma yake kama kiegemeo. Ukungu haukuwepo, manyunyu tu. Unaona mabati ya Nyamwaga yote, na migomba, na barabara.

Lile shimo limejazwa. Baba yake mdogo alilijaza mwenyewe, kwa toroli, mawe kisha udongo, karibu msimu wote wa kiangazi. Nyasi zimeota juu yake na ng'ombe wamezila. Ukitazama kutoka juu huwezi kupatambua. Mimi napatambua.

Rhobi akaniambia, "Shuka."

Nikasema naogopa. Akasema anajua. Akasema yeye amelala akiuota huu mteremko tangu Mwanza, na kwenye ndoto siku zote unaishia pale pale. Anataka kuuona unaishia kwingine.

Nikakaa kwenye ganda. Nikashuka. Sikupiga kelele. Nililenga pale kwa makusudi, nikapita juu yake, nikasikia mawe chini ya ganda, nikaishia kwenye matuta ya viazi. Nikalala chali kwenye maji. Mvua iliniingia machoni na ikanisaidia, kwa kuwa kule juu wasingejua kipi ni kipi.

Kupanda kulinichukua muda. Gauni limeharibika. Nilipofika, Rhobi alikuwa ametulia, uso umelowa, mikono juu ya mapaja. Alinitazama kidogo.

"Bado unaegemea kushoto," alisema.

Tulikaa mpaka mvua ilipozidi. Chacha akambeba tena, nami nikakusanya maganda. Alikuwa ameagiza matatu, kama kawaida. Chini nimewatupia ng'ombe. Wameyala yote, hata yale mawili ambayo hayakutumika.